Mtihani uifunge shule, usimfunge mtoto

Muhula wa tatu ndio mfupi kuliko yote katika kalenda ya shule zetu, na katika kaunti za Kitui na Makueni hufikia ukingoni wakati mbaya mno. Oktoba ni mwisho wa kiangazi kirefu. Mito ya msimu imebaki mchanga mtupu, foleni za maji zimerefuka, ghala za nyumba nyingi zimefika chini, na papo hapo shamba linadai kutayarishwa na mbegu kuwekwa ardhini kabla ya vuli, ambayo Ukambani ndiyo mvua ya kutegemewa. Ni katika wiki hizohizo mtoto anapowekewa karatasi ili iamuliwe kama atapanda darasa au atabaki alipo. Kisha shule zinafungwa, ripoti zinatolewa, na kuanzia Migwani hadi Mutomo, kuanzia Mbooni hadi Kibwezi, maneno yaleyale ya kila mwaka yanaanza kuzunguka. Huyu ameambiwa arudie gredi ya tano. Yule, mwalimu mkuu amesema bado hajaiva kuingia ya sita. Mwingine, mamake anamtafutia shule ng'ambo ya mto, ambako atapokelewa bila maswali mengi. Januari ikifika, ndugu waliopishana mwaka mmoja wanaketi dawati moja.

Msimamo wangu ni huu. Sheria ya Kenya imekwisha kukataza kumrudisha mtoto darasa, na ilifanya vyema. Lakini ilikomea nusu ya njia: ilimwondolea mwalimu mkuu mamlaka ya kumzuia mtoto bila kumpa mtu yeyote jukumu la kumfundisha mtoto huyo kile alichokosa. Ndiyo maana mamlaka hayo yangali yanatumika, kimyakimya, mahali pasipo kumbukumbu wala rufaa. Tukitaka viwango vya elimu vipande, tugeuze kazi ya mtihani. Matokeo yaamue shule itafanya nini muhula ujao. Yasiamue mtoto ataketi wapi.

Milango miwili imefungwa, wa tatu haukufunguliwa

Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hakina mafumbo. Kinasema mwanafunzi aliyekwisha kupokelewa shuleni hatazuiliwa katika darasa lolote wala kufukuzwa, na mlango mdogo uliobaki wazi unahusu utovu wa nidhamu pekee, tena baada ya mtoto na mzazi kusikilizwa. Sheria hiyo ilitiwa sahihi Januari 2013, wakati Waziri wa Elimu alikuwa marehemu Mutula Kilonzo, mbunge wa Mbooni. Basi mtu wa Makueni asije akasema kwamba jambo hili lilibuniwa na watu wa Nairobi wasiojua umbali wa kisima. Lilipita mikononi mwa mwana wa kwao.

Kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo kinakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja. Nacho kilikuwa na sababu njema: masomo hayo yalikuwa yamegeuka biashara, na mtoto wa maskini ndiye aliyefukuzwa kwa kukosa ada. Ila viweke vifungu hivyo viwili pamoja uone hali ya mtoto aliyefika gredi ya tano bila kujua kusoma. Hawezi kurudia. Hawezi kufundishwa likizoni. Muhula ukifunguliwa anaendelea na kitabu cha gredi ya sita kana kwamba cha nne na cha tano amevimaliza. Je, saa yake ya kufundishwa iko wapi? Sheria haisemi. Mwaka 2018 serikali ikaongeza sera ya kuhakikisha kila mtahiniwa wa KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, anaingia kidato cha kwanza, sera iliyosukumwa na Waziri Fred Matiang'i, na machifu wakaingia vijijini kutafuta waliobaki nyumbani. Ilikuwa hatua ya heshima. Lakini nayo ilihesabu miili iliyoingia langoni, haikuhesabu nani anaweza kusoma ukurasa mmoja akaeleza alichosoma.

Wengi walitarajia tatizo hili liondoke pamoja na KCPE. Mtihani huo, ulioanza mwaka 1985 pamoja na mfumo wa 8-4-4, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika mtaala mpya hakuna anayeanguka. Gredi ya sita kuna tathmini ya KPSEA, gredi ya tisa kuna KJSEA, iliyofanywa mara ya kwanza mwishoni mwa 2025 na watahiniwa zaidi ya milioni moja. Alama ya mwisho ya gredi ya tisa inajengwa kwa vipande vitatu: asilimia 20 kutoka KPSEA, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za gredi ya saba na ya nane, na asilimia 60 kutoka KJSEA yenyewe. Matokeo yanatolewa kwa viwango vinane, kuanzia waliozidi matarajio hadi walio chini ya matarajio, na kila mtoto anapangiwa sekondari pevu na mkondo wake. Kwenye karatasi, lango limeng'olewa.

Lakini shule za sekondari pevu zenyewe zimepangwa katika makundi manne, na kila mzazi wa Kitui anajua tofauti ya kupangiwa shule kubwa ya bweni na kupangiwa shule ya kutwa iliyojengwa juzi kando ya soko, yenye walimu wa kuhesabika. Kwa hiyo ushindani haukufa, ulihama. Na mahali palipo na ushindani, pana mtu atakayetaka kuwapunguza washindani dhaifu kabla ya siku ya mtihani.

Nani anayeamua kwa kweli?

Ukiuliza wizarani, utaambiwa hakuna anayeamua, maana watoto wote wanapanda. Ukiuliza kijijini, utaambiwa ni mwalimu mkuu. Jibu la kijijini ndilo la kweli, japo nalo halijakamilika. Mwalimu mkuu haamui kwa ukatili. Anaamua akiwa na hofu ya alama ya wastani ya shule yake. Upangaji wa shule kwa nafasi ulikomeshwa mwishoni mwa 2014 chini ya Waziri Jacob Kaimenyi, lakini hakuna waraka wa serikali unaoweza kumzuia mzazi kuhesabu. Matokeo yakitoka, wilaya nzima ya zamani inajua nani amepanda na nani ameshuka, hata bila gazeti kuchapisha. Shule iliyoshuka inapoteza wanafunzi, ikipoteza wanafunzi inapoteza mgao wa fedha, na mwalimu mkuu anaitwa kujieleza. Katika hali hiyo, watoto wanane wasiojua kusoma katika gredi ya tano ni hatari kwake. Wakibaki gredi ya tano, hatari imeahirishwa. Wakihama, imemalizika kabisa, kwa upande wake.

Sasa tazama kile anachotumia kuamua. Mtoto wa gredi ya nne anayeambiwa arudie kwa kawaida hahukumiwi kwa mtihani wa Baraza la Mitihani ya Kitaifa. Mara nyingi amefanya karatasi ambayo shule au kanda iliinunua kwa mchapishaji wa kibinafsi, zile karatasi zinazofika zikiwa zimefungwa kwa bunda na ambazo mzazi hutozwa pesa ya mtihani ili zinunuliwe. Nani alipima ugumu wake? Nani alithibitisha kwamba swali la saba linatoka katika mtaala? Nani aliamua kwamba alama arobaini ni kuanguka na hamsini ni kupita? Baraza la Mitihani lina sheria, wataalamu na utaratibu wa kurekebisha alama. Bunda lile lina jalada zuri. Na bado hilo ndilo linalobeba mwaka mzima wa maisha ya mtoto wa miaka kumi.

Kuna jambo la lugha pia. Sera inasema gredi tatu za kwanza zifundishwe kwa lugha ya eneo, na Ukambani vijijini maana yake ni Kikamba. Kutoka gredi ya nne, masomo karibu yote yanakuja kwa Kiingereza, na mtihani vivyo hivyo. Mtoto wa Tseikuru anayejua vizuri kwa nini mbuzi wa malisho ya kiangazi hutoa maziwa kidogo anaweza kukosa swali la sayansi kuhusu lishe ya mifugo kwa sababu hakuelewa sentensi iliyouliza. Ripoti itaandika kwamba ameshindwa sayansi. Atarudishwa arudie sayansi. Tatizo lake halikuwa sayansi hata siku moja, na mwaka mwingine wa masomo yaleyale, kwa lugha ileile, hautalifikia.

Na mzazi? Anaitwa kujulishwa uamuzi uliokwisha kufanywa. Wengi hutia sahihi, na sahihi hiyo baadaye husimama kama ushahidi kwamba ndiye aliyeomba. Asiyekuwapo na lake halipo, na mzazi huyu hakuwapo alama zilipojadiliwa katika chumba cha walimu. Nashangaa hasa nikiitazama Makueni. Tangu enzi za Gavana Kivutha Kibwana, kaunti hiyo imejulikana nchini na nje kwa mikutano ya wananchi inayoanzia kijijini kabisa, ambako wakazi hupendekeza wenyewe mradi gani upewe kipaumbele. Watu wanaoaminiwa kuamua bwawa la maji lichimbwe wapi hawaaminiwi kusikiliza maelezo ya kwa nini mtoto wao hajui kugawanya. Ni kweli kwamba shule za msingi ni za serikali kuu. Katiba iliziachia kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Lakini utamaduni wa kuulizwa haujui mipaka ya Jedwali la Nne la Katiba. Na tusisahau kwamba shule nyingi za Ukambani zilijengwa kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja ya jamii, kwa matofali na mawe yaliyobebwa na wazazi wenyewe. Waliojenga kuta wamekuwa wageni ndani yake.

Mwaka mmoja ni bei gani?

Wanaopendekeza mtoto arudie huzungumza kana kwamba mwaka ni bure. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa serikali, mtoto wa shule ya msingi amepangiwa shilingi 1,420 kwa mwaka, chini ya shilingi 40 kwa kila wiki ya masomo, na hata hizo huchelewa kufika. Kwa familia, mwaka wa ziada ni sare nyingine, viatu, mchango wa chakula cha mchana, pesa ya mtihani mara tatu, na mwaka mmoja zaidi kabla ya kijana kuanza kujitegemea. Nyumba yenye watoto wanne, wawili wakirudishwa mara moja moja, imeongezewa miaka miwili ya gharama ambayo hakuna aliyeipigia kura. Katika kaunti zinazotegemea mvua ya msimu mmoja wa uhakika, miaka miwili ni muda wa kutosha kupitiwa na ukame kamili. Ukame wa 2020 hadi 2022 ulikula mifugo na akiba za familia nyingi za Kitui Mashariki na Mwingi Kaskazini. Ambaye mtoto wake alikuwa tayari amecheleweshwa darasa moja aliingia katika njaa hiyo akiwa nyuma.

Kuna gharama nyingine isiyoingia katika daftari. Kijana wa miaka 15 aliyeketishwa na watoto wa miaka 12 hahitaji kufukuzwa; ataondoka mwenyewe. Mchanga wa mitoni una wanunuzi, bodaboda zinatafuta waendeshaji, makaa yanauzwa barabarani, na hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayodai ripoti ya gredi ya saba. Msichana aliyebaki nyuma miaka miwili anafikia umri wa kuposwa akiwa bado shule ya msingi, na jamaa walio na shaka na elimu yake wanapata hoja waliyoisubiri. Shule itaandika kwamba ametoroka masomo. Haitaandika kwamba ilimwambia mara mbili, kwa maandishi, kwamba mahali pake si hapo.

Wanaosema viwango vitaanguka

Hoja ya upande wa pili nina wajibu wa kuieleza kwa nguvu zake zote, kwa sababu si ya kipuuzi. Mwalimu mwenye watoto sitini darasani atakuuliza: unanipa watoto kumi wasiojua kusoma, unanikataza kuwazuia, unanikataza kuwafundisha likizo, halafu unanilaumu matokeo yakiwa mabaya. Unataka nifanye nini? Na mzazi naye, ambaye hakulazimishwa na mtu, atasema afadhali mwanawe arudie apate msingi kuliko kupanda kama mzigo. Kisha yuko mwananchi wa kawaida anayeuliza cheti kitakuwa na maana gani ikiwa kila mtu anakipata.

Jirani zetu wa Tanzania wanatoa mfano ambao upande huo unaweza kuutumia vizuri. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, takriban watahiniwa sita kati ya kumi walikuwa wamepata daraja sifuri. Taifa lilishtuka, tume ikaundwa, serikali ikayafuta matokeo na kuyapanga upya mwaka 2013. Miongoni mwa yaliyolaumiwa ni kulegezwa kwa kizuizi cha mtihani wa kidato cha pili, kwamba waliopaswa kubakizwa waliachwa wapande hadi wakaangukia mwisho wa safari. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake: ukiondoa kizuizi na usiweke chochote mahali pake, unaahirisha aibu tu. Lakini isome tena polepole. Watoto wale hawakuanguka kwa sababu walipanda darasa. Walianguka kwa sababu hakuna aliyewafundisha, kabla ya kidato cha pili na baada yake. Kizuizi kingewaficha mapema zaidi, wangehesabiwa kama walioacha shule badala ya walioshindwa mtihani, na taifa lisingeshtuka hata kidogo.

Je, kuna mahali walipojaribu kuzuia kwa nguvu na kwa uwazi? Jiji la Chicago, Marekani, lilifanya hivyo kuanzia 1996: watoto wa darasa la tatu, la sita na la nane ambao hawakufikia alama fulani katika mtihani wa pamoja walibakizwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwafuatilia kwa miaka. Waliobakizwa darasa la tatu hawakuonekana kufaidika kuliko wenzao wa kiwango kilekile waliopandishwa. Wa darasa la sita walizidi kubaki nyuma. Na wa darasa la nane walielekea zaidi kuacha shule. Hilo ni jiji lenye vitabu, maji ya bomba na masomo ya kiangazi yaliyolipiwa na serikali. New York ilipofuata njia hiyo mwaka 2004, wajumbe watatu wa jopo la elimu waliondolewa siku ileile ya kura ili sera ya Meya Michael Bloomberg ipite. Hata huko, swali la nani anaamua lilijibiwa na mwenye nguvu.

Tuje nyumbani, maana ushahidi bora zaidi tunao wenyewe. Kwa miaka mingi tangu 2009, shirika la Uwezo lilipeleka watu nyumba kwa nyumba kuwapima watoto, na mara kwa mara likakuta kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, ni takriban watatu walioweza kufanya kazi ya darasa la pili. Matokeo hayo yalipatikana katika nchi ambayo kurudia darasa kulikuwa jambo la kawaida kabisa. Ikiwa kurudia ni dawa, ugonjwa ulipaswa kuwa umepungua.

Huko magharibi mwa Kenya, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya kazi na shule 121 zilizopewa mwalimu mmoja wa ziada katika darasa la kwanza kuanzia 2005. Katika nusu ya shule hizo, watoto waligawanywa kwa kiwango walichoanzia, katika nusu nyingine waligawanywa bila kuangalia kiwango. Walipogawanywa kwa kiwango, wenye nguvu na walio dhaifu wote walipata alama bora, kwa sababu mwalimu hatimaye alikuwa akifundisha watoto waliokuwa mbele yake. Utafiti mwingine wa Kremer na wenzake katika eneo hilohilo uligundua kwamba vitabu vya kiada vilivyogawiwa bure viliwasaidia waliokuwa tayari juu, huku waliobaki nyuma wakikosa faida kwa kuwa kitabu chenyewe kilikuwa kigumu kwao kusoma. Yaani kinachomwinua mtoto ni somo linaloanzia alipo. Kurudia hakumpi hilo. Kunampa kitabu kilekile, mwalimu yuleyule, na aibu mpya.

Basi mwalimu wa watoto sitini ana haki ya kulalamika, na mimi niko upande wake. Kosa lake ni dogo: anaomba arudishiwe lango, wakati anachokosa ni saa na mikono. Kuhusu cheti, thamani yake hutoka kwa kile mwenye cheti anachojua. Ukubwa wa kundi lililozuiwa mlangoni hauongezi hata neno moja katika kichwa cha aliyepita. Na yule mzazi anayeomba kwa hiari yake? Nakubali kuna hali chache za kweli, kama mtoto aliyelazwa hospitalini miezi mingi au familia iliyohamishwa na ukame hadi mwaka ukapotea. Hapo maombi yatoke kwa mzazi, yaandikwe, yapitishwe na bodi ya shule pamoja na afisa wa elimu wa kaunti ndogo, na yafanyike mara moja tu. Sheria ya sasa hairuhusu hata hilo, na Bunge lingefanya vizuri kulifungulia mlango mwembamba wenye mlinzi kuliko kuacha dirisha kubwa lisilo na mtu.

Mtihani unaoifunga shule

Ninachopendekeza hakihitaji majengo. Mtihani wa kupima kiwango uhamishwe kutoka Oktoba hadi wiki mbili za kwanza za Januari. Mavuno ya kwanza ya vuli yanakaribia au yameanza, maji yako karibu, tumbo lina kitu, na muhimu zaidi, mwaka mzima uko mbele kwa ajili ya kurekebisha. Mtihani wa Oktoba husema mtoto ameshindwa nini wakati hakuna tena siku ya kumfundisha. Unafaa kwa hukumu, haufai kwa matibabu. Karatasi ya Januari iwe fupi: kusoma kwa Kiswahili na Kiingereza, na hesabu za msingi. Itoke kwa Baraza la Mitihani, ambalo tayari linatoa tathmini za shuleni, na isahihishwe na walimu wa shule jirani katika kanda. Hili la mwisho si la kumtukana mwalimu. Sasa kwa kuwa alama za shuleni zinaingia katika matokeo ya gredi ya tisa, kila mwalimu yuko kwenye kishawishi cha kumpa mtoto wake alama ya huruma, na alama ya huruma humficha mtoto kuliko alama mbaya.

Baada ya hapo, shule iwe na wajibu ulioandikwa. Kila mtoto aliye nyuma apangiwe kundi la kiwango chake kwa saa moja kila siku ndani ya ratiba, gredi ya nne hadi ya sita zikichanganywa kwa saa hiyo, bila ada na bila likizo kuguswa. Watoto wabadilishe makundi kila mwezi kadiri wanavyosonga, ili kundi lisigeuke jina la utani. Walimu watatu wa shule ndogo ya Ikutha wanaweza kuendesha makundi matatu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapo ndipo afisa wa mtaala wa kanda apimwe kwa idadi ya vijana waliovuka kusoma, aache kuhesabu mafaili. Matokeo yasomwe kwa wazazi katika mkutano wa Januari, kwa Kikamba, kwa maneno ambayo nyanya anayelea wajukuu ataelewa: huyu anasoma maneno lakini hasomi habari, mpango wetu ni huu, mwisho wa muhula tutawaambia amefika wapi. Mwezi wa Aprili swali liulizwe kwa shule, si kwa mtoto: mlisema mtamfikisha hapa, mmemfikisha?

Atakayesema walimu hawatoshi anasema kweli, hasa katika sekondari ya msingi, ambako mwalimu mmoja hubeba masomo ambayo hakuyasomea. Tume ya Huduma za Walimu inapaswa kuulizwa hilo kila bajeti, na wabunge wa Kitui na Makueni wana sauti ya kutosha kuliuliza. Ila upungufu wa walimu ni sababu ya kuacha kurudisha watoto, kwa kuwa kila mtoto anayerudishwa anaongeza kiti katika darasa lililokwisha kujaa.

Wakati sheria na wizara zinajivuta, mzazi anayo njia ndogo mkononi leo. Ukiitwa shuleni mwisho wa muhula wa tatu ukaambiwa mtoto wako abaki darasa, usitie sahihi. Omba uandikiwe mambo matatu: mtoto hajui nini hasa, mtihani uliotumika umetoka wapi, na nani atamfundisha kitu hicho, lini. Taja Kifungu cha 35 kwa heshima, bila kupandisha sauti. Chukua nakala, uipeleke kwa bodi ya shule na kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, na uende pamoja na wazazi wengine wawili walioambiwa maneno hayohayo.